Boksi la Kawaida Tu

Bath, 4 Februari 1884

Shangazi yangu Hester,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kufidia ile ya Krismasi ambayo sikuiandika. Natumaini mgongo umeanza kukuacha ulale, na mbwa wako Bosun hajamng'ata tena Kasisi Lumb. Mimi sijambo. Kifua kilinibana tangu Mwaka Mpya, lakini Bi Crump, mama mwenye nyumba, amekuwa akininywesha supu ya vitunguu asubuhi na jioni mpaka nimeamua kupona ili niachane nayo. Binamu Maud ameandika kwamba amejifungua mapacha na mmoja amefanana na mimi. Nimemjibu kwa kumpa pole.

Sasa kaa chini. Nimepewa neno.

Kazi yetu ya Kamusi unaijua, maana u msomaji wetu tangu mwanzo. Ninyi watu wa nchi nzima mnasoma vitabu, mnanakili sentensi kwenye vikaratasi, kila kikaratasi na neno lake kwenye pembe ya juu, mnatuletea kwa posta. Sisi tunavipanga, kisha tunaandika neno limetoka wapi, lina maana zipi, na nani alilitumia lini. Miaka yote hii mimi nimekuwa mpangaji wa vikaratasi tu. Vidole vyangu vina gundi isiyotoka hata kwa jiwe. Basi juzi Dokta Pennefather, mkuu wetu, akaniita mezani kwake akasema, "Tillotson, nadhani sasa tunaweza kukuamini na neno dogo."

Neno lenyewe ni boksi.

Cheka, usijizuie. Crosbie wa meza ya jirani amepewa neno la Kigiriki, refu, ambalo hata yeye hulitamka akiwa ameshika ukuta. Mimi boksi. Lakini nimeona ni bahati yangu. Boksi ni kitu cha mbao chenye kifuniko, kuna nini zaidi hapo? Nimemwahidi Dokta, kwa sauti kubwa na mbele za watu, kwamba nitalimaliza kabla ya Pasaka, kisha nije kwako kula mguu wa kondoo. Ukikutana nalo vitabuni, niletee.

Mwanao mwenye gundi,
Ambrose


Askerby, 23 Februari 1884

Mwanangu Ambrose,

Marahaba zote mbili, ingawa ya Krismasi imefika imepoa. Mgongo upo palepale, tumezoeana. Bosun hajamng'ata Kasisi Lumb kwa sababu Kasisi Lumb sasa anapita njia ya nyuma. Paa la jikoni limeanza kuvuja juu ya meza, nimeisogeza meza. Kuku wametaga mapema mwaka huu, sijui wamesikia nini. Maud amenionyesha mapacha. Ni kweli, yule mmoja ana kichwa chako, tumwombee.

Nimefurahi kwa neno lako. Ungepewa hata "na", mimi ningewaambia majirani. Na nimekutafutia. Katika kile kitabu kikuukuu cha safari, mabaharia "wanaipiga boksi dira", yaani wanataja pande zake zote kwa mzunguko bila kukosea. Katika kitabu cha mahubiri, bibi mmoja anampiga mumewe boksi la sikio, yaani kofi, na mhubiri anaonekana kumuunga mkono. Halafu kuna boksi ule mti, ule mgumu uliopandwa kwa mstari pale makaburini, na boksi la Krismasi wanalopewa watumishi. Vikaratasi vyote humo ndani. Ukiniuliza mimi, kofi ndilo la kwanza. Mtu wa kale alipigwa sikioni, kichwa kikalia kitupu, na wa kwanza kutengeneza sanduku akaukumbuka ule mlio.

Mzigo huu anaupeleka stesheni Jonas Garforth, mwendesha gari la posta, unamkumbuka. Anasema kile kiti chake cha mbele anachokalia na kushika hatamu nacho huitwa boksi, na Kamusi ikikisahau atakuja huko mwenyewe na mjeledi. Siku hizi husimama hapa kunywa chai. Reli mpya ikifika Askerby hatakuwa na kazi. Kaka yake yuko Kanada, ana shamba la ngano, na anamwita aende.

Kuna jambo nataka kukuuliza, mwanangu. Si la karatasi. Ni la jikoni, mimi na wewe, birika likiwa motoni. Kwa hiyo Pasaka usikose.

Shangazi yako,
Hester


Bath, 29 Aprili 1884

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, naiandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Pasaka imepita, mguu wa kondoo umeliwa na wengine, nami nilikuwa ndani ya boksi. Bi Crump hajambo. Kifua hakijambo. Mwenye neno ndiye mgonjwa.

Shangazi, mimi ni mpumbavu, na nina ushahidi. Nilidhani nimepewa sungura, kumbe ni ng'ombe, tena ana mimba. Kila asubuhi nikifika mezani limezaa. Kuna mti. Kuna chombo kilichochongwa kwa mbao za mti huo, na Dokta anasema hapo ndipo jina lilipotoka, jina la mti la Kilatini likahamia kwenye chombo. Kisha kila chombo chenye kifuniko kikajiita boksi hata kama ni cha bati. Kuna kiti cha Bwana Garforth, kwa sababu zamani chini yake paliwekwa sanduku la vifaa. Kuna kile chumba kidogo cha ukumbi wa maigizo wanamokaa matajiri ili waonekane. Kuna kibanda cha askari wa zamu. Kuna boksi la Krismasi, ambalo kwanza lilikuwa chungu cha udongo ambamo wanagenzi walitia bakshishi zao, kikavunjwa siku ya pili ya sikukuu. Na kofi lako la sikio? Hakuna ajuaye limetoka wapi. Nadharia yako nimemsomea Dokta. Alicheka sana, akasema ni mbovu sawasawa na zetu.

Lakini balaa si hilo. Balaa ni kwamba nina rundo la kila kitu, na sina hata kikaratasi kimoja cha karne hii chenye boksi la kawaida. Lile tu. La kuwekea vitu. Wasomaji wetu mmeandika kila ajabu. Kuna kasisi wa Cornwall ametuletea jina la ugonjwa wa kwato za kondoo lililotumika mara moja duniani, na hiyo mara moja lilikosewa. Boksi lipo kila ukurasa wa kila kitabu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeliona. Penye miti hapana wajenzi.

Unajua kwa nini? Kwa sababu maelekezo yanasema, "Andika kila neno linalokushangaza." Na unajua maelekezo hayo aliyaandika nani? Nilisifiwa siku ile. Nilipewa keki.

Lile jambo lako tutaliongea kiangazi. Au liandike tu, macho ninayo.

Ambrose


Askerby, 18 Mei 1884

Mwanangu,

Hatujambo. Ng'ombe wa Sugden, yule mhudumu wa kanisa, aliingia bustanini akala kabichi zote, na Sugden akaja kuomba radhi akala mkate wote. Mgongo kama kawaida.

Kwa hiyo kosa ni letu, wasomaji, kwa kutoshangazwa na maboksi. Nyani haoni kundule, mwanangu. Basi, tumesikia.

Jambo langu nimejaribu kuliandika. Linatoka la kipuuzi. Nimechoma karatasi nzuri tatu. Nitakuuliza lingine badala yake, ujibu kwa uaminifu: ungejisikiaje ukisikia kwamba dirisha la jikoni hapa lina mapazia ya mtu mwingine?

Jonas Garforth naye ameniuliza swali. Nimemwambia sitamjibu mpaka nikuone wewe. Anangoja. Ni mtu anayejua kungoja, miaka mingi ya kungojea treni imemfundisha.

Nyumba naipunguza vitu. Jana nilishusha kutoka darini boksi lile kuukuu, ulimokuwa ukijificha ulipoletwa kwangu mama yako alipofariki, nikalipangusa, nikaweka humo shuka, sahani za bibi yako, na viatu vyako vidogo ambavyo sijui kwa nini bado ninavyo. Jonas alinisaidia kulifunga kamba.

Njoo kiangazi. Usiponijia kiangazi utanikuta nimebadilika.

Hester


Bath, 30 Juni 1884

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, na pole kwa kabichi. Bi Crump anaumwa jino. Nyumba nzima inaumwa jino.

Shangazi, unajua umefanya nini? Ile sentensi yako! "Jana nilishusha kutoka darini boksi lile kuukuu." Niliposoma nilisimama wima ofisini. Nikawasomea wote kwa sauti, mpaka mwisho, hadi kwenye kamba. Crosbie aliweka kalamu chini. Ni boksi la kawaida, safi kabisa, linabeba vitu vya nyumbani, halina kofi wala dira. Nilimpelekea Dokta nikikimbia. Akaivua miwani, akaisoma, akaivaa tena, akasema, "Nzuri sana, Tillotson. Imechapwa wapi?"

Nikasema imechapwa katika shangazi yangu.

Amekataa. Kisichopigwa chapa si ushahidi, na barua za shangazi zaidi ya yote. Laiti mtu angeichapa! Sentensi imelala mbele yangu na siwezi kuitumia. Nimeshaikariri kwa majonzi.

Mwambie Bwana Garforth asihangaike tena na lile swali lake. Kiti chake kimo, ni maana ya sita, na nina sentensi nzuri ya kukitetea. Kuhusu mapazia, mapazia yoyote yatakuwa bora kuliko yale ya kijani.

Kiangazi siwezi. Kurasa za herufi B zinakwenda kwa mpiga chapa katikati ya Septemba. Nisipomaliza, boksi litapewa Crosbie, nami nitarudi kwenye gundi hadi uzee wangu. Nikimaliza, Oktoba yote ni yako. Jikoni, birika, jambo lako, kila kitu.

Ambrose wako


Askerby, 9 Agosti 1884

Ambrose,

Hatujambo. Bosun amehamia kwa Kasisi Lumb. Wanapendana, huwezi kuamini.

Ulitaka kitu kilichopigwa chapa. Hili ni gazeti la wilaya la jana. Angalia ukurasa wa mwisho. Kimechapwa, kina tarehe, na boksi limo. Kisome.

Hester


Bath, 16 Agosti 1884

Shangazi wa mashangazi wote,

Shikamoo mara mia! Nimelipata! "Pia maboksi manne ya mbao, ya zamani, bado imara." Sijawahi kuona kitu kisichoshangaza kiasi hicho. Nililikata palepale kwa mkasi wa Bi Crump, nikalibandika kwenye kikaratasi, nikaandika jina la gazeti na tarehe. Dokta aliposoma alinishika bega. Hajawahi kumshika mtu bega. Crosbie ananiangalia kwa wivu, neno lake la Kigiriki limemkwama kooni.

Unaona? Ndivyo inavyotakiwa. Mtu hakuwa anafikiria Kamusi hata kidogo, alikuwa anauza vyombo vyake, na boksi likajitokeza lenyewe. Gazeti lililobaki Bi Crump amefungia samaki.

Ni mnada wa nani lakini? Niliona juu juu wanauza mpaka birika. Maskini, sijui yamewakuta nini. Ukipita huko na kama birika ni zuri, jinunulie, maana lako lilikuwa linavuja.

Nimefurahi kwa Bosun.

Mwanao mshindi,
Ambrose


Bath, 5 Septemba 1884

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wiki zinapita na posta inakuja mikono mitupu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeanza kuusikia. Unaumwa? Mgongo? Nimemwandikia Maud akutazame, hajajibu, nadhani mapacha wamemla.

Au umeniudhikia? Ni yale mapazia? Nilitania tu. Ya kijani yalikuwa mazuri.

Nijibu hata neno moja.

Ambrose


Bath, 22 Septemba 1884
(kwa Bi Hester Garforth, shambani kwa E. Garforth, karibu na Brandon, Manitoba)

Shangazi yangu,

Shikamoo, nawe huko uliko sijui hata ni saa ngapi. Bi Crump anakusalimu. Amesikia habari zote, ameacha kunipa supu, anasema mtu wa aina yangu hastahili.

Pale gatini Liverpool hatukupata muda. Kwa hiyo nakuandikia nilivyofika, ili ucheke. Nataka ucheke.

Kuna kanuni ofisini kwetu: sentensi haichapwi mpaka imehakikiwa na chanzo chake. Wewe uliniletea gazeti, nami nikalifanya la samaki, kwa hiyo Dokta alilazimika kumwandikia mhariri wa gazeti lenyewe amletee nakala nyingine. Ilifika Jumatatu tarehe nane. Tunavyohakiki ni hivi: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye chanzo, neno kwa neno na alama zake zote, bila kutia hisia, na mwingine anafuata kwa kidole kwenye kikaratasi. Crosbie alisoma. Mimi nilikuwa na kidole.

Akaanzia juu kabisa, maana ni mtu wa kanuni. "Mnada, nukta. Nyumbani kwa Bi Hester Tillotson, mkato, Askerby, mkato, anayeolewa na kuhamia Kanada, nukta. Vyombo vyote vya nyumba, nukta pacha, meza ya jikoni, mkato, birika la shaba, mkato, mapazia ya kijani, mkato."

Kidole changu kilikuwa bado kinangoja maboksi. Crosbie ndiye aliyeacha kusoma. Akaniangalia, akasema polepole, na mara hii hakutaja mkato, "Tillotson, si huyu ndiye aliyekuandikia ile sentensi?"

Niliondoka bila kofia. Kalamu ilikuwa sikioni, na ilikaa huko mpaka Birmingham, ambapo mama mmoja kwenye behewa alinionea huruma akaniambia.

Nilifika Askerby Jumanne jioni. Dirisha la jikoni lina mapazia ya mtu mwingine, Shangazi. Ni meupe, yana maua. Uliniuliza ningejisikiaje, nami nilifanya mzaha. Basi sasa nakujibu kwa uaminifu ulioutaka: niliketi barabarani.

Sugden alinikuta hapo. Akaniambia mmefunga ndoa Jumamosi. Nikamuuliza nani alikushika mkono kukupeleka madhabahuni. Akaona haya. "Mimi," akasema. "Si kulikuwa hakuna mwingine? Ikabidi nipige kengele kwanza, kisha nishuke ngazi mbio nimchukue. Nilikuwa nahema kama ng'ombe. Lakini hakunikemea. Alitaka tungoje kidogo mlangoni, alikuwa anaangalia barabara. Tulidhani anaangalia mvua."

Najua barabara ile. Inatoka stesheni.

Sugden akaniambia mmeenda Liverpool kupanda meli ya Kanada. Basi Liverpool. Nililala stesheni ya York, nikakosea treni Leeds, nikapanda ya maziwa, nikafika Alhamisi gatini nikinuka siagi. Nikawaona. Umevaa kofia mpya, na Jonas amesimama kando ya lile boksi, amelishika upande mmoja, anatafuta mtu wa kulishika upande wa pili. Mimi mtu wa maneno, ninayelipwa kwa maneno, nikakosa yote. Nikashika ule upande wa pili. Likawa zito, nikasema upumbavu, "Lina nini humu?"

Nawe ukasema, "Unajua kilichomo. Nilikuandikia."

Na kweli nilijua. Nilikuwa nimeikariri. Nimeisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima: shuka, sahani za bibi, viatu vyangu vidogo. Niliisoma yote mpaka kamba, Shangazi, na nilichosikia ni boksi. Hapo ndipo nilipolia, na sioni haya, ila kwa wale mabaharia waliokuwa wanapita.

Niliporudi Bath nilikuta Dokta amelimaliza neno mwenyewe. Lilimchukua mchana mmoja. Hakunifukuza. Nimerudi kwenye gundi, nafasi inayonifaa. Sentensi aliyoiweka kwenye maana ya kwanza, ile ya kawaida, ni ile ya mnada wako. Kwa hiyo umo kwenye Kamusi, ingawa jina lako halimo.

Sikukuuliza pale gatini lile jambo lako la jikoni lilikuwa nini. Niliogopa kulijua. Sasa nakuuliza.

Mwanao,
Ambrose


Karibu na Brandon, Manitoba, 3 Novemba 1884

Mwanangu Ambrose,

Marahaba. Barua yako imefika na theluji, siku moja. Tu wazima. Mgongo, ajabu, umenyamaza tangu baharini, nadhani ulishuka Quebec. Kaka yake Jonas ana masikio makubwa na moyo mzuri. Jonas ameuziwa farasi wawili wabishi na ana furaha kuliko askofu. Nimejifunza kuoka mkate kwenye jiko la chuma lenye hasira. Wa kwanza tulimpa nguruwe, naye aliufikiria kwanza.

Nimecheka, kama ulivyotaka. Nilicheka kwenye kalamu, na kwenye siagi. Pale kwa Sugden sikucheka.

Nilikuudhikia, nakuambia wazi ili yaishe. Ningeweza kukuandikia wino mweusi, "Naolewa, naondoka, njoo." Nilitaka uulize. Nilikuwa nimekulea miaka yote ile na nikataka, mara moja, uniulize "Shangazi, kuna nini?" bila kuambiwa. Hicho nacho ni kiburi, na Jonas ameniambia hivyo, na nimemnyima chai siku nzima.

Jambo lenyewe sasa naweza kuliandika, maana limepita na halina uzito tena. Nilitaka kukuuliza kama utanishika mkono kanisani. Ni hilo tu. Unaona jinsi lilivyo dogo? Ndiyo maana lilikuwa linatoka la kipuuzi kwenye karatasi.

Lakini sikiliza. Pale gatini ulishika boksi upande wako na Jonas upande wake, mkatembea taratibu mpaka kwenye ngazi ya meli, nami nikiwa nyuma yenu na kofia mpya. Watu walitupisha. Bibi mmoja mgeni kabisa alinitupia ua, sijui alidhani nini. Pua ilikuwa inakutiririka. Usiku ule, meli ikiwa imeondoka, Jonas aliniambia, "Hester, nadhani leo ndiyo ilikuwa harusi." Nami nimekubali. Ile ya Sugden ilikuwa mazoezi.

Viatu nimevitoa, viko juu ya rafu. Boksi sasa ni kiti cha kukalia mbele ya jiko, liandike huko kama kuna nafasi.

Ukiniandikia usinipe maajabu. Niambie umekula nini, Bi Crump amesema nini, soksi zimetoboka wapi. Na dirisha langu la jikoni linatazama ngano mpaka mwisho wa macho, na halina kitu. Sijashona mapazia. Nangoja uniambie rangi. Na usinijibu, "Yoyote tu."

Shangazi yako,
Hester